Futi 6 na Inchi 8

Matatu mbili zimesimama steji, ubavu kwa ubavu, zinangoja kujaa. Umekaa dirishani, macho kwa simu. Unainua kichwa na kuona mmeanza kusonga, unashukuru Mungu. Halafu unaona mama wa mahindi choma yuko palepale alipokuwa, na unaelewa ni ile gari ingine iliyotoka. Yenu bado inaita watu. Kwa sekunde moja macho yalikuletea habari ya kweli, kwamba dirisha la jirani limehama. Ila nani alisonga, wewe ama yeye, hilo hayakuweza kusema mpaka ulipompata mama wa mahindi.

Kuna somo zima limejengwa juu ya hiyo sekunde. Linaitwa jiometri ya kamera nyingi, na swali lake ni hili: kamera zikiwa kadhaa, zote zinatembea, na watu zinaowapiga picha nao wanatembea, unawezaje kujua nini kilikuwa wapi? Nililisoma chuoni kama wengi tunavyosoma, yaani mpaka siku ya mtihani. Kilichonirudisha kwake ni fomu.

Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa Mombasa, upande wa bara, kando ya barabara iliyohitaji kupanuliwa. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaokwenda hadi uani, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Ukiwa barabarani ungedhani ni kijumba. Lazima uingie, upite ukumbini kwenye giza na harufu ya udi, ndipo ujue imekwenda nyuma kiasi gani. Aliyetumwa kuithamini kwa ajili ya fidia hakuingia. Alisimama barabarani, akapiga picha moja, akaandika: upana futi 30, kwenda nyuma futi 24. Upana alipata. Kwenda nyuma ilikuwa futi 45, na nyanya alijua kwa sababu marehemu babu ndiye aliyepima kwa kamba, yeye akiwa ameshika ncha ya pili. Lakini kamba haina risiti. Ukutani ikapakwa X nyekundu, siku zikahesabiwa, tingatinga likaja. Tukabaki na fomu, na fomu ilisema 24.

Tuanze na kosa la huyo bwana, maana si uvivu peke yake. Kamera moja, ikisimama mahali pamoja, kwa kweli haijui kina. Ibn al-Haytham alieleza karibu miaka elfu moja iliyopita kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwamba ukipita tundu dogo kuingia chumba cha giza unachora ukutani picha iliyopinduka ya kilicho nje. Simu yako ni hicho chumba, tundu likiwa na kioo. Kila kitone kwenye picha ni mwisho wa mstari mmoja wa mwanga, na kitu kilichotoa huo mwanga kinaweza kuwa popote kwenye mstari: mpapai ulio hapa karibu, ama mnazi mrefu kule mbali. Picha ni ileile. Nyumba ya futi 24 na nyumba ya futi 45, zikitazamwa uso kwa uso kutoka barabarani, zinaweza kufanana kabisa.

Dawa yake ni kusogea. Ukitazama kitu kutoka sehemu mbili unapata mistari miwili, na panapokutana ndipo kitu kilipo. Hiyo ni pembetatu tu, ile ya Form Two. Macho yako mawili hufanya hesabu hiyo mchana kutwa bila kukutoza. Maajabu ni kwamba hata usipoambiwa kamera zilisimama wapi, picha zenyewe zinaweza kukueleza. Mwaka 1981 H. C. Longuet-Higgins, mwanakemia wa Uingereza aliyekuwa amehamia utafiti wa akili, alichapisha kwenye jarida la Nature njia fupi ya kushangaza. Tafuta vitone 8 vinavyoonekana kwenye picha zote mbili, viweke kwenye hesabu moja, na hesabu inakurudishia kamera ya pili iligeukaje na ilielekea upande gani.

Ndani ya hesabu hiyo kuna kitu kinachoitwa mstari wa epipola, na hicho ndicho kilichonifanya nipende hili somo. Chukua kitone kimoja kwenye picha ya kwanza, tuseme kona ya dirisha. Hujui umbali wake, lakini unajua kiko mahali fulani kwenye mstari wake wa mwanga. Sasa huo mstari, ukitazamwa na kamera ya pili, unaonekana kama mstari uliokatiza picha. Kwa hivyo kona ya dirisha kwenye picha ya pili lazima iwe juu ya mstari huo. Mtoto akikupotea soko la Kongowea na mtu akakuhakikishia kwamba hajatoka uchochoro wa viazi, huzunguki soko zima. Unafuata uchochoro.

Kuanzia hapo watu walikwenda mbali. Mwaka 2009 watafiti walichukua picha 150,000 za jiji la Roma, zilizopigwa na watalii wasiojuana na kuwekwa kwenye intaneti, wakazijenga upya kama maumbo ya pande tatu kwa muda usiofika siku moja, kompyuta zikifanya kazi pamoja. Ila kilichonipa moyo ni Bamiyan. Machi 2001 Taliban walilipua sanamu mbili kubwa za Buddha zilizochongwa kwenye jabali huko Afghanistan. Kundi la chuo cha ETH mjini Zurich, likiongozwa na Armin Gruen, liliijenga upya ile kubwa zaidi ndani ya kompyuta kutokana na picha tu: za watalii, za intaneti, na chache zilizopigwa 1970 kwa kamera maalum ya upimaji. Kama sanamu iliyolipuliwa ingeweza kupimwa, basi hata nyumba ya nyanya.

Sisi hatukuwa na mpimaji wa 1970. Tulikuwa na arusi ya 2019.

Binamu yangu aliolewa hapo nyumbani, na simu nne za ukoo zilirekodi karibu mchana mzima. Nikazikusanya. Nyingine ilikuwa imepasuka kioo, nyingine memori imejaa video za TikTok, lakini arusi ilikuwa ndani. Mjomba ndiye aliyekuwa na simu ya maana. Alisimama chini ya mwarobaini kama afisa wa trafiki na kuigeuza polepole kutoka kushoto hadi kulia, dakika 19, picha safi, mkono hautikisiki. Nikaiingiza kwenye programu. Kina: hakuna. Si kidogo, hakuna kabisa. Kwa sababu kugeuza shingo si kusogea. Kamera ikizunguka palepale iliposimama, vitu vya karibu na vya mbali vinahama pamoja kwenye picha, na hakuna pembetatu. Unaweza kuzungusha mwaka mzima, utakachopata ni picha pana sana ya mtu aliyekataa kuondoka alipo.

Video iliyotuokoa ilipigwa na mtoto wa miaka 12. Alikuwa amepewa simu ya mamake ashike, akaanza kurekodi bila ruhusa, akakimbia. Anatoka barazani, anapita ule ujia wa ubavuni kati ya nyumba na ukuta wa jirani, anatokea uani kwenye sufuria za biriani, anafukuzwa na shangazi kwa mwiko, anapita ubavu wa pili, anarudi mlangoni. Inatikisika mpaka unahisi kichefuchefu. Lakini amezunguka nyumba yote, na ameishia alipoanzia, jambo ambalo ni dhahabu. Programu inapofuata kamera hatua kwa hatua, makosa madogo yanajikusanya na nyumba inapinda taratibu kama ubao uliolowa maji. Kamera ikirudi mahali ilipopaona mwanzo, programu inatambua, “ala, huu ni ule mlango,” na kuyasambaza makosa kwenye njia nzima hadi kuta zinanyooka. Kijana mwenyewe sasa yuko sekondari. Nilipompigia kumshukuru alisema yeye alikuwa anafuata harufu tu.

Kuta zilisimama. Halafu likaja tatizo la watu.

Hesabu niliyoeleza ina sharti ambalo halisemwi kwa sauti: dunia itulie, kamera ndiyo itembee. Arusi haitulii. Kila picha ilijaa mabuibui, leso, watoto, mtu anapita na trei ya sambusa. Programu hujitetea kwa njia ambayo Mkenya yeyote ataielewa, yaani kura. Martin Fischler na Robert Bolles waliichapisha mwaka uleule wa 1981. Programu inachagua vitone vichache kwa bahati nasibu, inabuni mwendo wa kamera unaoviridhisha, kisha inauliza vitone vingine vyote: nani anakubali? Inarudia mara mamia, na mwendo uliopata kura nyingi unashinda. Waliopinga wanatolewa kama makosa. Kwa kawaida washindi ni kuta, maana kuta hukubaliana. Bega linalocheza ngoma halikubaliani na lolote, kwa hivyo linafutwa.

Si kila mara kuta zinashinda. Kuna sekunde chache ambapo basi la upande wa bwana arusi linapita mbele ya nyumba na kujaza picha karibu yote. Basi lina vitone vingi, vyote vinasonga pamoja kwa nidhamu. Likashinda kura. Kwa muda huo programu iliamini kwamba basi ndilo dunia, limetulia, na nyumba ya nyanya pamoja na mwarobaini vinateleza kuelekea Nairobi. Ni ile matatu ya steji, ila humo ndani hakuna mama wa mahindi. Ilibidi niziondoe sekunde hizo kwa mkono.

Sasa nilikuwa na nyumba nzima kwenye skrini, yenye baraza, pande zote na ua. Nikaipima. Upana: 6.17. Kwenda nyuma: 9.25. Za nini? Si za futi, si za mita. Za kitu chochote.

Hapa ndipo somo linakuwa kali. Kuhama kwa kamera kutoka pahali pamoja hadi pengine kunaelezwa kwa namba 6, tatu za kugeuka na tatu za kusogea. Picha mbili zinakupa 5. Ile ya sita, inayosema umbali halisi uliosogea, haimo. Ongeza picha, ongeza simu, leta milioni, bado haimo. Nyumba kubwa iliyopigwa na mtu anayepiga hatua ndefu, na nyumba ya kuchezea iliyopigwa na sisimizi mwenye simu, zinatoa video ileile. Ndiyo maana watengeneza filamu waliweza kuzamisha meli za mezani kwenye karai na sisi tukalia. Umbo linapatikana kwa macho. Ukubwa haupatikani mpaka mtu aguse kitu kimoja na kipimo.

Na nyumba haikuwepo tena ya kugusa.

Ila nyumba ya Mombasa haivunjwi na mlango wake. Kabla tingatinga kufika, wajomba walikuwa wameshang'oa mabati, madirisha, fremu, hata bawaba. Mlango wa mbele, mbao ya mvule, sasa uko kwa mjomba mdogo, umeegemezwa ukutani nyuma ya friji ukingoja nyumba. Nilimtumia ujumbe: mjomba, naomba unipimie mlango, juu mpaka chini. Akanipigia video akiwa na futi ya fundi. Futi 6 na inchi 8. Rula ikiwa imelala juu ya mbao, kidole chake kimewekwa hapo.

Kwenye modeli mlango ulikuwa 1.37. Sentimita 203 kwa 1.37, na kila kitu kikapata ukubwa kwa mpigo mmoja. Upana wa nyumba ukawa mita 9.15, yaani futi 30, kama fomu ilivyosema. Kwenda nyuma mita 13.7. Futi 45. Kamba ya babu.

Nikaogopa kuamini kitu kimoja, kwa hivyo nikatafuta cha pili. Dirisha moja la ubavuni liko kwenye banda la kuku la shangazi. Modeli ilisema upana wake ni futi 3 na inchi 11 na nusu. Shangazi alipima akapata futi 4 kamili. Nusu inchi, kutoka kwa video ya mtoto anayekimbia biriani.

Idi iliyofuata niliteremka na laptopu. Nyanya sasa anakaa chumba cha ndani kwa mjomba mkubwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwekea skrini mapajani na kuizungusha nyumba taratibu, mbele, ubavu, uani. Alitazama kwa muda mrefu. Aliitambua. Aligusa pale ambapo mtungi ulikuwa unakaa. Halafu akaniuliza, “Mbona hamna watu?”

Nikamweleza habari za kura, kwa Kiswahili chepesi nilichoweza. Kwamba mashine inataka vitu vilivyotulia, na mtu hatulii.

“Basi mashine yako imepiga picha ya siku ya kuvunjwa,” akasema. “Arusini palikuwa na watu.”

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasahihisha tu, kama anavyosahihisha chumvi. Lakini nilirudi Nairobi na hilo neno, kwa sababu kihesabu yuko sawa. Kitu kinachosonga kikitazamwa na kamera moja hakishikiki, maana kufikia kamera inasogea kwenda sehemu ya pili, nacho kimeshaondoka. Mistari yako miwili inaelekea nyakati mbili tofauti, na mtu hakuwa mahali pamoja katika hizo nyakati. Dawa iko, na ni moja: kamera mbili, sehemu mbili, sekunde ileile. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilijenga kuba lenye kamera 480 za video zinazotazama ndani kwa pamoja ili kushika watu wakicheza na kuongea. Mimi nilikuwa na simu nne, na mojawapo haijasogea kutoka kwenye mwarobaini.

Nikaanza kutafuta mahali ambapo simu mbili zilimtazama nyanya kwa wakati mmoja. Saa ya simu huwezi kuitegemea, hii iko mbele sekunde tatu, ile nyuma. Unachotegemea ni sauti. Bibi arusi alipotokea mlangoni kina mama walipiga vigelegele, na simu zote zilivisikia. Unalinganisha mawimbi ya sauti mpaka yalingane. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na video huwa na picha 30 kwa sekunde, kwa hivyo katika muda wa picha moja sauti inakuwa imekwenda kama mita 11. Baraza letu halikufika hapo. Vigelegele vilitosha kabisa kuwa saa.

Na hapo ndipo Mjomba wa mwarobaini akawa na faida. Simu yake peke yake haikujua kina, lakini ilikuwa jicho la pili, na kutokana na zile kuta nilijua hasa ilisimama wapi. Jicho la kwanza ni la mtoto, kabla hajakimbia. Sekunde 11. Nyanya ametoka kwenye kiti chake cha barazani, leso begani, anapiga hatua chache za ngoma kumlaki mjukuu wake. Picha 330 mara mbili. Nikazifunga jozi kwa jozi, mstari kwa mstari.

Usifikirie sinema. Ni vitone, kama vumbi linaloonekana kwenye mwale wa jua dirishani, ila vumbi lenye bega, lenye mkono uliopanda, lenye ukingo wa leso. Unaweza kuzunguka ukaliona kwa nyuma. Na kwa kuwa mlango uko pale nyuma yake, futi 6 na inchi 8, vumbi hilo lina kimo: futi 5 na inchi 1. Nilimtumia Mjomba aendeshe kwenye simu amwonyeshe. Akaniambia nyanya aliitazama mara nne, kisha akataka apimwe palepale. Futi 4 na inchi 11. “Mwambie inchi mbili nimeziacha kule,” akasema.

Kuhusu fomu: tumepeleka barua, modeli iliyochapishwa pande zote nne, picha ya mlango na rula juu yake, picha ya dirisha la banda la kuku, na maelezo ya kurasa mbili ya jinsi hesabu ilivyofanywa. Tumegongewa muhuri wa kupokelewa. Karani aliuliza kama hiyo ni kitu ya AI. Nikamwambia hapana, ni pembetatu. Naandika hivi bado tukingoja jibu, na sijui kama mtu aliyesimama barabarani mara ya kwanza ndiye atakayesoma.

Kwa hivyo ukienda nyumbani Desemba hii, na kuna nyumba mnayoipenda, toa simu. Usisimame mahali pamoja ukigeuka. Tembea, pita ubavuni, fika mpaka kwenye choo na banda la kuku, rudi ulipoanzia. Wakitoka wenyewe nje, mwambie binamu yako arekodi pia, kutoka upande mwingine, na mmoja wenu apige kofi kubwa. Kisha omba futi, upime mlango. Na hicho kipimo kiandike mahali ambapo si kwenye simu.